Ncha ya Pili ya Uzi

Chumba cha nyuma,
Kwa Fundi Viatu,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Habari za siku nyingi? Na siku zenyewe ni nyingi kweli, tusidanganyane. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haivimbi tena, na macho yako yale ya kuona kosa kutoka ng'ambo ya barabara bado hayajastaafu. Shemeji hajambo? Mgongo wake umetulia? Wapwa zangu nao wanaendeleaje na masomo? Yule mrefu nadhani ameshanipita kimo, maana hata kwenye picha ya mwisho uliyotuma alikuwa anainama ili aingie mlangoni. Mwambie mjomba wake anaomba asiendelee.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa bega la kulia linalonikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi. Chakula napika, nguo nafua, kodi nalipa. Ukiniuliza kama nakula vizuri nitakwambia ndiyo, nawe utajua nadanganya, basi tuyaache hayo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimekutumia ujumbe wa simu mara tatu, umefika na kukaa hapohapo bila kufunguliwa. Nimepiga mara mbili, ikaita mpaka ikachoka. Sikulaumu hata kidogo. Ila nimeona nishike kalamu, kwa sababu simu hunyoosha maneno ya kila mtu yakafanana, na wewe tangu zamani ukitaka kujua kama nasema kweli huwa unatazama mwandiko. Rula nimeiweka chini ya godoro makusudi. Hii naiandika kwa mkono mtupu.

Acha nianze na habari ndogondogo, ujasiri utanijia njiani.

Ile nyumba niliiacha. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa sita huu, vyumba vitatu vilikuwa vinanisumbua. Mwanangu Kasuku alipopata kazi kule mjini kwenye maofisi, nikabaki nafungua milango ya kufagia tu. Sasa nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la Fundi Viatu. Nina kitanda, jiko, na viti viwili. Kimoja nakalia mimi, kingine kinakalia makopo ya rangi. Akija mgeni itabidi nihamishe makopo, na sijayahamisha siku nyingi.

Kazi yetu unaikumbuka, lakini kwa hali ilivyo ungeilia. Siku hizi mashine inachapa bango la mita tatu kabla mimi sijamaliza kukoroga rangi. Yule kinyozi wa kona, ambaye kibao chake tulikiandika mimi na wewe, alikishusha akaweka plastiki yenye uso wa kijana mmoja mzuri ambaye hajawahi kunyolewa pale hata siku moja. Nilimuuliza kibao chetu kiko wapi. Akanionyesha. Amekifanya mlango wa banda la kuku. Kuku wanaingia kupitia neno "Karibu", kwa hiyo siwezi kusema hakitumiki.

Ndipo Kasuku alipokuja likizo mwaka jana. Alikaa kwenye kitanda, akanitazama nikichora, akasema, "Baba, kazi yako nzuri, tatizo hakuna anayekujua. Inabidi ujenge jina."

Nilicheka mpaka rangi ikamwagika. Dada, miaka thelathini mimi najenga majina! Ya maduka ya dawa, ya shule, ya magari ya mazishi, hata la yule daktari wa meno aliyekimbia kabla rangi haijakauka. Kasuku hakucheka. Akasema hayo ni majina ya watu, yeye anazungumzia langu, na kwamba kila mwenye ujuzi siku hizi ana chapa yake binafsi mtandaoni. Mimi chapa niliyoijua ni ile ya ng'ombe. Lakini mtoto alikuja na moyo wake wote, na ni kazi yake huko ofisini kutangaza watu, basi nikamwachia.

Akanifungulia ukurasa. Akanipa masharti, akayabandika ukutani juu ya jiko, na ungemsikia ungejua kwa nini ulimwita Kasuku tangu ana miaka mitatu. Nionyeshe mikono zaidi kuliko uso. Niweke video kila asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Nisiongee kama naomba kazi, niongee kama mtu mwenye kazi. Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifikisha hapa, akasema watu hawafuati fundi, wanafuata hadithi ya fundi. Jina akanichagulia yeye: Mkono Mmoja. Aliona nikichora duara kwa pigo moja la brashi bila kuinua mkono, ule mchezo wako ulionifundisha kwa mkaa nyuma ya milango mibovu, akasema hapo ndipo jina lilipo.

Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Simu nimeifunga kwenye ngazi kwa mpira, nami nauambia ukuta, "Habari za asubuhi, marafiki." Nilikuwa na wafuasi kumi na mmoja, kumi wao wanafanya kazi na Kasuku. Fundi Viatu alinisikia, akaja na kiatu mkononi.

"Jirani, unaongea na nani?"

"Na watu."

"Wako wapi?"

Nikamwonyesha simu kwenye ngazi. Akatingisha kichwa, akarudi kwenye nyundo yake.

Halafu sijui ilikuwaje, video moja ya herufi za duka la dawa ikashika moto. Ni mimi tu, napaka rangi nyekundu taratibu, husikii kitu ila brashi. Watu elfu arobaini, Dada. Elfu arobaini wamekaa makwao wanamtazama mtu akijaza rangi. Kazi zikaanza kuja kweli, nisiseme uongo. Mwenye mgahawa alitaka ukuta mzima. Mwenye basi alitaka ubavu wa basi. Nilipita barabarani nikasikia msichana akimwambia mwenzake, "Ndiye yule, Mkono Mmoja." Nikanyoosha mgongo kama askari wa gwaride.

Lakini nitakwambia wewe jambo ambalo sijamwambia Kasuku. Mpweke nilikuwa, na mpweke nikabaki, sasa nikiwa na mashahidi. Nikisema habari za asubuhi wananiitikia watu mia tatu. Nikizima simu, chumba kinakuwa kimya kuliko kilivyokuwa kabla ya kuiwasha. Nakunywa chai nikisoma maoni, naona mikono inapiga makofi, mioyo myekundu, halafu nanyanyua kichwa, nakutana na makopo ya rangi kwenye kiti.

Mwezi wa tatu niliugua homa siku nne. Nilipofungua ukurasa nikakuta watu wengi wananiuliza, "Video ya leo iko wapi?" Wana haki yao, waliizoea. Mtu mmoja tu kati ya wote hao ndiye aliyeandika, "Uko wapi?" Alikuwa anajiita Mtazamaji.

Nadhani sasa unajua ninapoelekea.

Mtazamaji hakuwa na picha, kivuli cha kijivu tu. Nilimwona mara ya kwanza chini ya video ya kibao cha seremala. Wenzake wote wameandika hongera, safi sana, mikono ya dhahabu. Yeye kaandika: "Ya tatu imelewa." Nilishtuka mpaka nikaketi juu ya rangi mbichi, na ile suruali ninayo mpaka leo ina alama ya buluu makalioni. Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayesema herufi imelewa. Alikuwa akivuka barabara, anageuka, anafumba jicho moja, halafu anapaza sauti mbele ya wateja, "Kibao, ya tatu imelewa, ishike isianguke!" Nikaenda nikaitazama ile herufi. Ilikuwa imelewa kweli.

Sikukuuliza kama ni wewe. Nawe hukujitambulisha. Kila asubuhi nilikuwa naweka video, nangoja. "Hii imevimba tumbo." "Hiyo nafasi ya katikati unaweza kupitisha mkokoteni." "Leo umeamka vizuri." Dada, miaka kumi na tisa tangu umfuate shemeji huko kazini kwake, simu zetu zilikuwa zimebaki hujambo sijambo, za sikukuu, vocha inakatika kabla hatujafika kwenye maneno. Na hapa tulikuwa tunaongea kila siku kama zamani, mimi juu ya ngazi, wewe ng'ambo ya barabara. Nilianza kuacha makosa makusudi. Ile herufi ya bucha uliyosema ina kigugumizi, niliichora hivyo ili useme. Wale elfu arobaini sikuwa na haja nao. Ukurasa wote ule nilikuwa nauendesha kwa ajili ya kivuli kimoja cha kijivu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimeweka kalamu chini mara mbili hapa, nikaenda kuchemsha maji ambayo siyahitaji.

Kasuku alisema ukurasa umefika mahali pa kusimulia nilipotoka. Akataka picha ya zamani. Picha ya zamani ninayo moja tu, nawe unaijua: ukuta wa shule ya msingi, miaka ishirini na minane iliyopita, mwalimu mkuu ndiye aliyetupiga picha siku tunaanza kuuchora. Mimi niko kulia nimevuta uzi wa chaki, mdomo wazi kama kawaida yangu. Wewe uko kushoto, umeshika ncha ya pili ukutani, penseli sikioni, umesimama juu ya kopo ili tulingane. Uzi uko katikati yetu umenyooka, unangoja tu kufyatuliwa uache mstari.

Kasuku aliniambia kwa simu, "Baba, tafuta picha ukiwa peke yako, ndiyo inayobeba jina." Hakuijua picha yenyewe, asilaumiwe. Mimi ndiye niliyeijua. Na mimi nikasema moyoni, Mkono Mmoja hawezi kuonekana na mikono minne. Basi nikachukua mkasi.

Ndiyo, Dada, mkasi. Kumbe simu yenyewe inakata picha kwa kidole, unasogeza tu ukingo, na ya karatasi inabaki nzima. Mimi wapi ningejua hayo? Nimezoea kwamba ukitaka kitu kisionekane, unakiondoa. Nikaikata picha yetu ya pekee kwa mkasi wa kukatia stensili, nikaipiga picha kwa simu ile nusu yenye mimi, nikaandika chini yake: "Nilianza peke yangu. Bila mwalimu, bila msaidizi."

Niliandika hivyo mimi, kwa kidole changu. Hakuna aliyenilazimisha.

Picha ile ilipendwa kuliko herufi zote nilizowahi kuchora. Kisha mtu mmoja, wala si mbaya, mtu wa kuuliza tu, akaandika, "Mzee, mbona uzi unaishia pembeni ya picha? Upande wa pili kashika nani?"

Nami nikamjibu, "Msumari."

Watu walicheka sana. Mamia ya sura zinazolia kwa kicheko. Nami nilicheka, nikajiona mjanja. Nikangoja Mtazamaji aseme lake. Hakusema siku hiyo, wala kesho yake. Hadi leo ni mwezi wa tano.

Nilijitetea sana, usidhani sikujitetea. Nikasema labda simu yake imeharibika. Labda ana wageni. Labda hakuwa yeye hata kidogo, ni mpita njia tu. Niliendelea kuweka video, nikachora herufi moja imelewa chakari, mtoto mdogo angeiona. Watu wakaandika hongera, mikono ya dhahabu. Nikaifuta.

Na bado ningenyamaza, nakwambia kweli, kama si kampuni ya rangi.

Walinitafuta wao. Kampuni moja kubwa, wanataka uso wangu kwenye makopo yao na kwenye maduka wanakouza, na maneno yenyewe walikuwa wameshayatunga: Mkono Mmoja, Msumari Mmoja. Kasuku alilia kwa furaha kwenye simu. Alisema hapo ndipo tulipokuwa tunakwenda muda wote, kwamba baada ya hapo sitapanda tena ngazi kwa bega hili. Nami bega lilikuwa linauma siku hiyo. Nikavaa shati jeupe, nikaweka uzi na chaki mfukoni kama walivyoagiza, nikaenda.

Ofisi yao ni ya vioo na marumaru, ukikohoa sauti inakurudia. Afisa masoko ni mama mmoja mpole, alinipokea vizuri kabisa, akanipa maji. Mpiga picha akaweka taa. Nilitakiwa kusimama mbele ya ukuta mweupe, nieleze watazamaji kazi ya uzi, kwamba unaupaka chaki ya buluu, unauvuta ukutani mpaka ukaze, unaufyatua katikati nao unaacha mstari ulionyooka wa kusimamishia herufi. Kisha niseme yale ya peke yangu, bila mwalimu, bila msaidizi.

Nikatoa msumari wangu. Hapo ndipo tuliposhindwa kupata pa kuupigilia. Ukuta wao ni marumaru tupu, toka chini hadi juu. Tukatazamana. Mpiga picha akajaribu kuubandika uzi kwa utepe, ukabanduka. Yule mama akacheka, akavua viatu vyake vya kisigino, akasema, "Lete, mzee wangu, nitakushikia mimi."

Akashika ncha ya pili. Akaibana ukutani kwa kidole gumba, mkono umenyooka, na kwa kuwa ni mfupi alipanda juu ya kiboksi cha taa ili tulingane. Nami nikavuta uzi. Ukakaza.

Akasema, "Usijali kuhusu mimi. Mimi watanikata baadaye."

Dada, nilishindwa kuufyatua ule uzi. Mpiga picha akasema tayari, nikabaki nimesimama. Akasema tena tayari, mzee. Yule mama akauliza kama ni bega. Nikasikia sauti yangu inasema, na taa zote zinawaka, "Hapakuwa na msumari. Alishika dada yangu. Na hakuwa ananishikia. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia yeye."

Hawakunifukuza, ni watu wastaarabu. Walisema asante kwa uaminifu, tutawasiliana. Siku tatu baadaye wakawasiliana: wameamua kufuata mwelekeo mwingine. Nadhani mwelekeo wenyewe ni kijana fulani anayepaka rangi huku anacheza muziki. Namtakia heri, kiuno anacho.

Niliporudi siku hiyo Fundi Viatu aliniona mkono wote buluu, akauliza, "Umepata?" Nikamwambia nimekosa. Akasogeza viatu kwenye benchi lake, nikakaa. Sikuondoka mpaka alipofunga duka.

Kile kipande chako cha picha hakikupotea. Na hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, kwa hiyo soma taratibu. Siku ile ya mkasi nilikitumbukiza ndani ya kopo la chaki, nikasema nitakitafutia mahali. Nilijua kilipo siku zote. Kila nilipochota chaki, miezi yote hiyo, nilikuwa nakisogeza kwa kidole. Nikakitoa, nikakifuta kwa shati jeupe. Umekuwa wa buluu mwili mzima, ila meno. Kumbe ulikuwa unacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kwenye picha ile ulikuwa unacheka.

Nikaweka video nikiwa nimekishika kipande kile, nikasema ukweli wote. Kwamba ulianza kama mfagiaji kwenye karakana ya vibao, ukaiba ujuzi kwa macho, ukanifundisha mimi. Kwamba wateja walikataa mwanamke juu ya ngazi, tukakubaliana nipande mimi. Kwamba chini kulia tuliandika jina langu peke yake, nawe ukasema haidhuru, nami nikakuamini haraka mno. Walioitazama ni sitini na wawili. Mmoja aliandika, "Mzee, rudi kwenye herufi." Yule aliyeuliza habari za uzi aliandika, "Asante kwa kunijibu." Wengine wengi wameondoka. Naambiwa ndivyo ilivyo, ukibadilisha hadithi yako katikati watu hawakai.

Kasuku alinipigia kwa hasira. Alisema nimebomoa kwa dakika mbili alichokijenga mwaka mzima, na ni kweli. Halafu hasira ikamwisha. Akauliza, "Baba, kumbe shangazi alikuwa fundi?" Nikamwambia, ndiye aliyekuwa fundi. Akauliza kwa nini maisha yake yote nimemwambia kwamba shangazi yake alikuwa ananisaidia. Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri. Alinisikia nikilia, kwa hiyo mtandao ulikuwa mzima.

Jambo moja lingine nimelifanya. Ule ukuta wa shule bado upo. Wameupaka rangi mara nyingi, lakini kila mara wamezizunguka herufi zetu. Jumanne nilikwenda na ngazi fupi na kopo dogo, nikapiga magoti chini kulia, nikaandika jina lako juu ya langu. Lako kubwa zaidi kidogo, kwa sababu ndivyo nafasi ilivyoruhusu, na kwa sababu nilitaka. Mlinzi akanijia juu, nimepewa ruhusa na nani? Nikamwambia kuna kitu nilikisahau hapa miaka ishirini na minane iliyopita. Akanitazama, akatazama brashi, akanishikia kopo. Sikupiga picha. Kasuku ananiuliza iko wapi video yake, namwambia hakuna.

Ndani ya bahasha hii utamkuta yule kijana aliyeacha mdomo wazi, amekatwa upande wa kushoto. Huyo ndiye aliyependwa na watu wote wale, mchukue, mimi simtaki ukutani kwangu. Wewe nimebaki nawe. Nimekubandika juu ya jiko, pale yalipokuwa masharti ya Kasuku, wa buluu, umeshika uzi unaokuja mpaka ukingoni na kuishia hapo. Asubuhi nikichemsha chai nakusalimu wewe kwanza.

Bado nafanya kazi, usiwe na wasiwasi. Vibao viwili kwa mwezi, wakati mwingine kimoja. Uzi nafunga kwenye msumari kama nilivyofanya tangu ulipoondoka, kwa hiyo hapo sikudanganya sana. Msumari unashika vizuri, hauchoki, haulalamiki jua. Miaka kumi na tisa haujaniambia hata mara moja kwamba herufi imelewa.

Nisalimie sana shemeji, mwambie kitabu chake cha ramani ninacho na nitakirudisha siku moja kabla hatujazeeka zaidi. Wabusu wapwa zangu, yule mrefu na yule mtundu. Msalimie na yule jirani yako mshonaji aliyewahi kunijibu simu akadhani mimi ni mdai. Kasuku anakusalimu, ameomba namba yako, nimemwambia nitakuuliza kwanza. Fundi Viatu naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema mtu mwenye dada wa namna hiyo hana sababu ya kuongea na simu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe miguu yenye nguvu na macho yaleyale.

Sikuombi unisamehe kwa barua moja, wala sikuombi urudi kwenye ukurasa. Tazama tu karatasi hii. Nimeiandika bila rula, na najua kuna mistari humu haisimami sawasawa. Isogeze mbali kidogo, fumba jicho moja. Ukiona pamelewa, niandikie ni wapi.

Nduguyo mdogo, akupendaye na aliyekukosea,

Kibao